Mwaka Tuliotawaliwa na Mpangaji

Mwili wa Senge Robai, shangazi yangu, ulikuwa ndio kwanza umeingizwa mochari pale Kitale, na tayari ukoo wetu ulikuwa unavutana kwenye simu kuhusu mahali pa kumzika. Wa Bokoli walitaka arudishwe Bokoli alikozaliwa, kwa ndugu zake. Sisi tuliokaa naye tulisema azikwe Kitale, kwenye kipande cha shamba alichonunua mwenyewe, nyuma ya nyumba, karibu na miavokado yake. Senge alikuwa amelisema jambo hilo kwa mdomo wake, mbele ya watu, tena si mara moja. Basi nimekaa jikoni kwangu hapa Kibabii, miwani puani, nasoma yale matusi ya heshima ambayo jamaa huandikiana wakiwa na msiba, mara Brayo, mtoto wa binamu yangu, kijana mwenye digrii na ndevu zilizochongwa, akaandika: "Wazee wetu, si tukutane tu katikati? Kimilili iko katikati ya Bokoli na Kitale. Tununue kaploti huko, hakuna mtu atasema ameshindwa." Watu wakamwekea vidole gumba. Watu wazima, wengine wao walimu wastaafu, wanaunga mkono mama wa watu azikwe mahali asipokuwa na shamba wala ndugu, ili tu asiwepo wa kukasirika. Nilicheka kwanza, kisha nikakasirika mpaka chai ikapoa mbele yangu. Kwa sababu katikati hiyo naijua. Niliwahi kuishi chini yake mwaka mzima, na ndiyo iliyomnyima Senge Robai mume.

Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu ambacho hakikuniita, na Senge alikuwa amenichukua nimsaidie Kitale. Alikuwa mjane, hana mtoto, ana ploti ya vyumba vya kupangisha: safu mbili za mabati zinazotazamana, uwanja wa matope katikati, mfereji mmoja wa maji ya bomba, na nyumba yake mwenyewe mbele, yenye sebule ya viti vya vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono. Asubuhi baridi ya mlima ilikuwa inaingia hadi kwenye mifupa, na jikoni ndiko tulikoishi, mimi na yeye, miguu karibu na jiko la makaa, tunachambua mrenda na kusikiliza ugomvi wa wapangaji kupitia ukutani. Daktari Melkiori alikuja na mvua za masika. Alibisha hodi akiwa na sanduku, mwavuli na taipureta iliyofungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga, akauliza, kwa Kiswahili ambacho mimi nilikuwa nimekiona kwenye mtihani tu, kama mama mwenye nyumba angeweza kumstahi kwa chumba. Senge aliniangalia. "Anasema nini huyu?" Nikamwambia anataka chumba. "Si aseme basi," Senge akasema, na akampa kile cha pembeni kabisa, karibu na choo. Wiki haikuisha Daktari akaomba ahamishiwe chumba cha katikati ya safu. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka.

Hakuwa daktari wa dawa. Alikuwa daktari wa mawazo, kutoka Jamhuri ya Sarunda, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani za shule za siku hizo ulikuta jina lake limeandikwa ndani ya nchi jirani kwa kukosa nafasi. Wazungu walipoondoka Sarunda waliacha vyama viwili, cha watu wa milimani na cha watu wa ziwani, na vyama hivyo vikavutana hadi nchi ikakaribia kupasuka. Akatokea afisa mmoja wa jeshi, akavifunga vyote viwili, akajiita Mlinzi wa Kati. Alikuwa na bunduki lakini hakuwa na sababu, na Daktari Melkiori ndiye aliyemwandikia sababu. Sababu zenyewe ziliitwa Ukati. Nazikumbuka kwa sababu nilizipiga chapa mimi. Daktari alikuwa ametofautiana na wakubwa wenzake, akakimbia, lakini Ukati wenyewe hakuukimbia hata kidogo. Alikuwa anauandika upya ili siku moja Mlinzi ausome, amwite nyumbani. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, akanifundisha mimi kupiga taipureta. Nilikaa kwenye meza yake kila alasiri, na yeye akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, asiguse wowote, akisema: "Barabara ina kingo mbili, na kila ukingo una mtaro. Andika. Anayekwenda kushoto ni adui wa njia. Anayekwenda kulia ni adui wa njia." Neno "sana" alilikata kila alipolikuta. Alisema "sana" ni ukingo. Hata chai hakuitaka ya moto wala baridi, alikaa akiingojea ifike mahali pake, na mimi nikikaa nikimngojea yeye.

Siku moja nilimuuliza ni nani ajuaye kati iko wapi. "Mlinzi," akasema. Na akikosea? Akanitazama kwa huruma. "Mlinzi hawezi kuikosa kati, binti yangu. Kati ni pale aliposimama." Akanipa mfano, na lau mfano huo ningeushika vizuri siku ile, mambo yangekwenda vingine. Kulikuwa na koo mbili huko kwao zilizopigania chemchemi ya chumvi. Kila mwaka watu walikatana mapanga. Mlinzi akaenda mwenyewe, akaigawa ile ardhi sehemu tatu: ukingo huu kwa ukoo huu, ukingo ule kwa ukoo ule, na kipande cha kati kikawekwa chini ya ulinzi wake. Mapanga yakakoma. "Na chumvi ilikuwa wapi?" nikauliza. Daktari akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali zuri. "Chumvi ilikuwa katikati," akasema. Nikapiga chapa na hilo pia. Nilikuwa msichana aliyetoka shule juzi, nilidhani mtu akishaandika jambo kwenye karatasi safi basi limefikiriwa.

Ukati uliingia kwenye ploti yetu kupitia mfereji. Mama mmoja muuza vitunguu na fundi wa baiskeli walikuwa wanatukanana kila asubuhi, nani aweke mtungi kwanza. Daktari akawaita, akawasikiliza wote wawili kwa makini, akasema hakuna mwenye kosa na hakuna mwenye haki. Kesho yake mfereji ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Daktari. Atakayetaka maji aje kwake, awe nani awe nani. Kulikuwa na amani, sikatai. Watu walisimama na mitungi mbele ya mlango wake wakinong'ona ili wasimwamshe. Baadaye redio zikapangiwa kiwango cha sauti. Baadaye nguo zikawa lazima zianikwe katikati ya kamba, si mwisho huku wala mwisho kule, na ukizingatia kwamba katikati ya kamba ni moja na watu ni wengi, nguo za watu zilikaa mbichi mpaka zikanuka. Nikamwambia Senge: huyu mpangaji anatutawala. Senge alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa. "Wacha tu, Nanjala. Angalau kuna kimya. Mimi nimechoka na kelele ya hawa watu." Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Hakuna aliyemchagua, hakuna aliyepigwa. Tulichoka tu, tukampa ufunguo.

Senge naye alikuwa na yake ya kuwaza. Bwana Simiyu wa Kimilili, mjane kama yeye, mwenye kinu cha kusaga mahindi, alikuwa ameanza kuja Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kinachofika barabarani. Alileta mkungu wa ndizi, akaketi kiti kile kile karibu na dirisha, na mimi jikoni nikitega sikio nisikie mapenzi. Sikusikia. Walizungumzia bei ya mahindi, na mbolea, na mtoto wa fulani aliyefeli, kisha wananyamaza, wananyamaza tu, na akiondoka Senge alikuwa anaosha vikombe huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pili. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba. Jumapili moja nikamsikia Simiyu akisema, "Robai, nikuje na wazee?" Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha Senge: "Kuja. Lakini mimi si msichana, usiniletee maneno mengi." Aliingia jikoni, akafunika uso kwa aproni, akacheka peke yake. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, na nilimwonea wivu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa msomaji wa kwetu halihitaji maelezo. Kuku akichinjwa kwetu, firigisi yake si nyama tu. Wazee huiita imondo, na imondo ni ya mwanamume mwenye nyumba. Mgeni ukimpikia kuku halafu imondo asiione kwenye sufuria, umemtukana. Na mwanamume akiila katika nyumba ya mwanamke asiye dada yake, hahitaji kusema lingine lolote. Watu wataenda nyumbani wakijua hapo pana mwenyewe. Asubuhi ya siku ile wazee walipokuja, Senge alinipa jogoo na kisu, akaniambia polepole, "Hiyo imondo weka kwa sahani ya Simiyu. Nzima." Nikaelewa. Hangeweza kusema ndiyo mbele ya kaka yake kama msichana wa harusi. Angesema na kuku.

Walikuja mchana. Simiyu alikuja na kaka yake mkubwa, mzee mkimya. Kutoka Bokoli alikuja Baba Mdogo Wanyonyi, kaka yake Senge, mtu ambaye angegombana na kivuli chake kama kingemtangulia. Na kwenye kiti cha katikati ya sebule, bila kuitwa, akakaa Daktari Melkiori na tai. Nilimtazama Senge. "Wacha akae," akanong'ona, "anajua kuongea." Nilileta ugali, nikaleta kuku, nikaiweka imondo mbele ya Simiyu kama nilivyoagizwa. Uso wa yule mtu ulifunguka. Alielewa mara moja, akamtafuta Senge kwa macho. Lakini Wanyonyi alikuwa ameshaona.

"Hii ni nini? Ati kabla hatujaongea, mtu ameshapewa imondo? Mimi ndio ndugu. Hiyo kitu ni yangu mpaka tumalize."

"Lakini mwenye kupika ndio ameweka," kaka yake Simiyu akasema. "Mwanamke ameongea, bana. Wewe unataka aongee namna gani?"

"Sisi watu ya Bokoli hatuongei na kuku."

Sauti zikapanda. Nina hakika, na nimekuwa na hakika maisha yangu yote, kwamba wangepigizana kelele mpaka wachoke, Wanyonyi angepewa shingo na heshima kidogo, na jambo lingeisha wakicheka. Ndivyo yanavyoisha kwetu. Kelele ni sehemu ya mazungumzo, huwezi kuitoa. Lakini Daktari alisimama, akafuta miwani, akaomba sahani. Nao, kwa adabu ya kumheshimu msomi na mgeni, wakampa. Akachukua kisu. Akaikata imondo vipande vitatu: ngozi nyembamba ya mwisho huu akamwekea Wanyonyi, ngozi nyembamba ya mwisho ule akamwekea Simiyu. Pande nono la katikati akalitia kinywani mwake. Tukamtazama akitafuna. Firigisi ya jogoo mzee hailiki haraka. Alitafuna akiwa amefumba macho kidogo, akameza, akajipangusa.

"Sasa hakuna aliyeshinda," akasema. "Pana amani."

Simiyu hakucheka. Alimwangalia Daktari, akamwangalia Senge aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa, akaangalia kile kingozi kwenye sahani yake. Akachukua kofia. "Kumbe hii nyumba iko na mwenyewe," akasema, bila hasira hata kidogo, na hicho ndicho kilichokuwa kibaya. Senge akamwambia, "Simiyu, kaa." Alisema mara moja tu. Kaka mtu alikuwa ameshatoka nje na Simiyu akamfuata, na Senge hakuwa mwanamke wa kuita mara mbili. Wanyonyi akageuka: "Kwani huyu mtu ni nani kwako, dada?" Na kabla Senge hajafungua mdomo, Daktari akamjibia: "Mama Robai hana upande." Kama kuna sentensi niliyowahi kutamani kuirudisha kwenye kinywa cha mtu kwa mkono, ni hiyo. Alikuwa na upande. Ndiyo siku pekee niliyomwona akiwa na upande waziwazi, ameupika na kuupakua.

Nilimfuata Daktari uwanjani. "Daktari, umemla mume wa Senge yangu." Akafikiri. "Neno 'kula' ni kali, binti yangu," akasema, na akaenda kufungua mfereji, maana watu walikuwa wanangoja na mitungi. Sikumpigia chapa tena hata ukurasa mmoja. Senge mwenyewe alifanya lake kesho yake asubuhi: alitoka na jembe, akalipiga kufuli la mfereji mpaka likavunjika, akasema kwa sauti ya kufika kila chumba, "Mwenye ploti ni mimi." Wapangaji wakapiga makofi. Yule muuza vitunguu na fundi wa baiskeli wakaanza kutukanana hapo hapo, na Senge akaingia ndani akalia.

Nilimsihi anitume Kimilili nikaeleze. "Uende ueleze nini?" akaniuliza. "Ati mimi silali na mpangaji? Mtu mzima anaamini kuku kuliko mimi. Akae na kinu chake." Kwa hiyo yeye akangoja Simiyu aje kuuliza. Simiyu huko kwake akangoja mtu aje kumweleza. Wanyonyi akangoja kuombwa msamaha, kwa kosa ambalo sijalielewa hadi leo. Kitale na Kimilili si mbali, mtu anaenda asubuhi na chakula cha mchana anakula kwake. Hakuna aliyekwenda. Watu hawa niliwapenda wote na wote walinichosha.

Mwishoni mwa mwaka gari lenye namba za Sarunda lilikuja kumchukua Daktari. Mlinzi alikuwa ameusoma Ukati na anamwita nyumbani. Aliniachia taipureta, na lazima niwe mkweli, taipureta hiyo ndiyo iliyonipa kazi katika ofisi za Bungoma hadi nikastaafu. Miezi ikapita, mfanyabiashara mmoja wa Sarunda aliyekuja kununua mahindi akatuambia habari zake. Mlinzi alikuwa amesogea, na kati ikasogea pamoja naye, na Daktari alipofika alijikuta yuko ukingoni. Walimtia ndani na kitabu chake. Senge aliposikia hivyo alisema "Maskini," na alimaanisha. Mimi nilikuwa bado nimekasirika. Bado. Nikiwasikia siku hizi hawa waungwana wa televisheni wakisema wao hawana upande, wako katikati na mwananchi, huwa natazama mikono yao nione kisu kiko wapi.

Ndiyo maana Brayo nilimjibu vile nilivyomjibu, na wengine wakasema nimekuwa mkali. Niliandika: "Senge alisema Kitale. Atazikwa Kitale. Anayetaka katikati akazikwe yeye." Kisha mmoja akaandika "Amina", sijui kwa nini, na mambo yakaisha.

Tulimzika karibu na miavokado. Watu walipokuwa wanaelekea kwenye hema la chakula nikamwona mzee amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, amekonda, koti limemzidi, mjukuu wake wa kike amesimama nyuma. Sikumtambua mpaka aliposalimu. Nikaingia jikoni, jikoni mle mle, nikatoa imondo iliyokuwa sufuriani na wazee wa Bokoli wakiniangalia, nikaiweka kwenye sahani na ugali, nikampelekea. Nzima. Aliitazama kwa muda.

"Yule mtu ya vitabu," akasema, "alienda wapi?"

"Alirudi kwao, mzee. Zamani sana."

"Alikuwa bwana yake?"

"Alikuwa mpangaji."

"Mpangaji tu?"

"Mpangaji tu, mzee."

Alifumba macho. Mjukuu akainama akidhani anaumwa. "Na mbona hakuna mtu alikuja kuniambia?" akauliza.

"Na wewe mbona hukuja kuuliza?"

"Ningeuliza nini, mama? Niliona imondo ikikulwa na macho yangu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika huyu mzee mabega nimtikise, na nimtikise na Senge huko aliko, na Wanyonyi ambaye naye amelala Bokoli. Badala yake nilivuta kiti nikakaa. Simiyu akajaribu kuuma ile firigisi, akaigeuza mdomoni, akairudisha kwenye sahani kwa aibu.

"Nikatie, mama," akasema. "Meno ilienda."

Nikachukua kisu. Nikaikata vipande vidogo vidogo, polepole, na vyote nikaviacha kwenye sahani yake.